Fomu 8881 bila kukosea: kudai nafuu ya kodi kwa kuwafungulia wafanyakazi mpango wa pensheni Marekani

Programu ya kodi itakuuliza kuhusu watoto, nyumba, bima ya afya, hata riba ya mkopo wa chuo. Mara nyingi haikuulizi kama mwaka huu umewafungulia wafanyakazi wako mpango wa pensheni. Ukibonyeza "endelea" hadi ukurasa wa mwisho, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaipokea ritani (taarifa yako ya kodi ya mwaka) bila kulalamika, na hela uliyostahili inabaki serikalini. Hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ndogo nchini Marekani, iwe kampuni ya usafi, malori, saluni ya kusuka au huduma ya wazee majumbani, mwenye wafanyakazi wanaopokea W-2 (fomu ya mwaka ya mshahara wa mwajiriwa) na anayejaza ritani mwenyewe kwa programu. Fomu ni moja, 8881, na ina sehemu tatu. Wanaokwama hukwama kwa sababu wanaifungua fomu kabla ya kupiga hesabu. Fanya kinyume chake: maliza hesabu zote kwenye karatasi au lahajedwali, ndipo uwashe programu.

## Kwanza, namba mbili zinazochanganywa

Fomu 8880 ni ya mtu binafsi mwenye kipato cha chini aliyeweka akiba yake ya uzeeni. Fomu 8881 ni ya mwajiri. Ukiandika maneno "akiba ya uzeeni" kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia, programu nyingi hukupeleka 8880, inakuuliza kipato chako, kisha inakuambia hustahili. Watu wengi huishia hapo wakiamini wamejibiwa. Wamejibiwa swali lingine.

Jambo la pili: nafuu ya kodi si sawa na makato. Makato hupunguza faida inayotozwa kodi. Nafuu hupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola. Mpango wa pensheni unakupa vyote viwili, ila hela ileile huwezi kuidai pande zote mbili. Tutalirudia hili kwenye Hatua ya 6, kwa sababu ndilo linaloharibu ritani nyingi.

## Vitu vya kuandaa

- Hati ya kuanzisha mpango, yenye tarehe mpango ulipoanza kufanya kazi. Aina za mpango tunazozitaja ni SEP, ambamo mwajiri pekee huchangia, na SIMPLE IRA na 401(k), ambamo mfanyakazi naye hukatwa mshahara. Kwa SEP mara nyingi ni Fomu 5305-SEP. Kwa SIMPLE IRA ni 5304-SIMPLE au 5305-SIMPLE. Kwa 401(k) ni mkataba uliotiwa saini na kampuni inayoendesha mpango.
- Ankara zote za mpango: ada ya kufungua, ada ya uendeshaji, gharama ya kuwaelimisha wafanyakazi.
- W-2 za mwaka uliopita na za mwaka wa ritani.
- Orodha ya michango ya mwajiri kwa kila mfanyakazi, ikiwa imetenganishwa na hela aliyokatwa mfanyakazi mwenyewe. Mfumo wako wa mishahara unaitoa.
- Orodha ya wamiliki wote na ndugu zao walio kwenye orodha ya mishahara.
- Maelekezo ya Fomu 8881 ya mwaka husika, kutoka tovuti ya IRS. Usitumie ya mwaka jana.
- Ritani ya mwaka uliopita, hasa kurasa za Fomu 3800 (inayokusanya nafuu zote za biashara) kama zilikuwepo.

Katika mwongozo wote tutatumia kampuni moja ya mfano: kampuni ya usafi huko Columbus, Ohio, LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo) ya mtu mmoja inayojaza Schedule C, jedwali la faida na hasara la biashara kwenye ritani binafsi. Ilianzisha 401(k) Januari 2025, na ritani inayojazwa ni ya 2025.

## Hatua ya 1: Hakikisha biashara inastahili

Masharti ni matatu, na lazima yatimie yote.

La kwanza, mwaka uliotangulia hukuwa na zaidi ya wafanyakazi 100 waliolipwa angalau dola 5,000 kila mmoja. Madereva au wasusi unaowalipa kwa 1099, yaani kama wakandarasi wa kujitegemea, hawamo kwenye hesabu hii.

La pili, mpango uwe na angalau mshiriki mmoja asiye wa daraja la kipato kikubwa kisheria. Daraja hilo lina watu wa aina mbili: aliyemiliki zaidi ya asilimia 5 ya biashara wakati wowote mwaka huu au uliopita, na aliyelipwa zaidi ya kiwango kilichowekwa katika mwaka uliotangulia. Kwa ritani ya 2025 unatazama malipo ya 2024, na kiwango ni dola 155,000. Waliobaki nje ya daraja hilo tutawaita hapa wafanyakazi wa kawaida.

Penye mtego ni familia. Mke au mume, watoto na wazazi wa mmiliki huhesabiwa kana kwamba wanamiliki hisa zake. Saluni ya mama na binti yake, hata kama binti analipwa dola 18,000 kwa mwaka, haina mfanyakazi wa kawaida hata mmoja. Vilevile 401(k) ya mtu mmoja asiye na wafanyakazi haipati nafuu ya kuanzisha mpango, na hapa hakuna ujanja.

La tatu, katika miaka mitatu kabla ya mwaka wa kwanza wa nafuu, wafanyakazi hawa hawa kwa sehemu kubwa wasiwe walipata michango kwenye mpango mwingine ulioendeshwa na wewe, na biashara iliyo chini ya umiliki mmoja na yako, au na biashara iliyotangulia yako. Ukifunga SIMPLE IRA na kufungua 401(k) kwa watu walewale, saa haianzi upya.

Onyo kwa walio California, Oregon, Illinois na majimbo mengine yenye mpango wa lazima wa jimbo, kama CalSavers, OregonSaves au Illinois Secure Choice: kusajili wafanyakazi huko kunatimiza sheria ya jimbo, lakini ule si mpango wa mwajiri. Hauleti nafuu ya 8881. Mpango unaohesabika ni kama 401(k), SIMPLE IRA au SEP.

Utajua umefaulu ukiweza kumtaja kwa jina angalau mfanyakazi mmoja wa kawaida aliye ndani ya mpango, na tarehe mpango ulipoanza.

## Hatua ya 2: Hesabu watu mara mbili

Fomu inahitaji hesabu mbili tofauti, na kuzichanganya ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Hesabu A ni ya wafanyakazi wote waliolipwa dola 5,000 au zaidi mwaka uliotangulia. Hii inaamua asilimia yako. Wakiwa 50 au pungufu, gharama zako za kuanzisha zinahesabiwa kwa asilimia 100. Wakiwa 51 hadi 100, ni asilimia 50.

Hesabu B ni ya wafanyakazi wa kawaida wanaostahili kushiriki mwaka wa ritani. Hii inaamua kikomo. Angalia maneno hayo vizuri: wanaostahili, si walioshiriki. Aliyejaza karatasi ya kukataa bado anahesabika, maana mlango ulikuwa wazi kwake. Wengi wanahesabu walioshiriki tu na kujipunja dola 250 kwa kila kichwa.

Ukiwa na biashara mbili, tuseme usafi na malori, na zote ni zako, zihesabu kama mwajiri mmoja kwa Hesabu A.

Kampuni ya mfano ilikuwa na watu 8 waliozidi dola 5,000 mwaka 2024, kwa hiyo Hesabu A ni 8. Kati yao, mmoja ni mke wa mwenye kampuni, ambaye kwa undugu huo si mfanyakazi wa kawaida (na pia amejitoa kwenye mpango), na mwingine hajatimiza saa 1,000 zinazotakiwa na hati ya mpango. Wanabaki 6. Hesabu B ni 6.

## Hatua ya 3: Gharama za kuanzisha mpango

Zinazokubalika ni gharama za kawaida na za lazima za kufungua na kuendesha mpango, pamoja na za kuwaelimisha wafanyakazi kuhusu mpango huo. Michango si gharama ya kuanzisha. Ina hatua yake.

Kabla ya kujumlisha, pitia ankara moja moja na ujiulize nani amelipa. Kampuni nyingi zinazoendesha 401(k) hutoza kwa njia mbili: sehemu inatoka akaunti ya benki ya biashara, sehemu inakatwa moja kwa moja kwenye akaunti za wafanyakazi. Ile ya pili hukuilipa wewe, kwa hiyo huwezi kuidai. Kwenye taarifa ya mwaka ya mpango, mistari hiyo miwili hukaa karibu karibu. Soma maandishi madogo.

Kikomo kinapatikana hivi:

1. Zidisha Hesabu B kwa dola 250.
2. Jibu likizidi dola 5,000, chukua 5,000.
3. Jibu likiwa chini ya dola 500, chukua 500.

Kampuni ya mfano ililipa dola 500 kufungua mpango, 1,320 za uendeshaji wa mwaka na 180 za kikao cha wafanyakazi. Jumla 2,000. Kwa kuwa Hesabu A ni 8, asilimia ni 100, yaani 2,000. Kikomo ni 6 × 250 = 1,500. Nafuu ni dola 1,500.

Nafuu hii inadumu miaka mitatu. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni ule mpango ulioanza kufanya kazi, lakini sheria inakuruhusu kuchagua mwaka uliotangulia uwe wa kwanza. Uamuzi huo una maana pale tu ulipolipa gharama kubwa mapema. Ukiutumia kwa ajili ya ankara moja ya dola 200 ya mwezi Desemba, umechoma mwaka mzima kati ya mitatu.

Tena, biashara nyingi za Schedule C huhesabu kwa fedha iliyotoka mkononi. Ankara ya Desemba uliyoilipa Januari ni ya mwaka mpya.

## Hatua ya 4: Michango ya mwajiri

Hapa ndipo penye hela, na ndipo panaposahaulika zaidi. Sheria ya SECURE 2.0, iliyosainiwa Desemba 2022, iliongeza nafuu kwa michango ambayo mwajiri anawaingizia wafanyakazi, kuanzia miaka ya kodi iliyoanza baada ya 2022. Maelekezo mengi ya zamani mtandaoni hayaitaji kabisa.

Kikomo ni dola 1,000 kwa kila mfanyakazi. Asilimia inashuka kadiri mpango unavyozeeka: mwaka mpango ulipoanzishwa asilimia 100, wa pili 100, wa tatu 75, wa nne 50, wa tano 25, kisha basi. Miaka inahesabiwa tangu mpango ulipoanzishwa, si tangu ulipoanza kuchangia. Usipochangia kitu miaka miwili ya mwanzo, umeanzia kwenye 75.

Mambo manne ya kuchuja:

- Hela aliyokatwa mfanyakazi kwenye mshahara wake haimo. Ni mchango wako tu.
- Mfanyakazi aliyelipwa mshahara unaozidi dola 100,000, kiwango kinachorekebishwa kufuata mfumuko wa bei, hamo. Chukua kiwango cha mwaka wako kwenye maelekezo.
- Hesabu A ikizidi 50, nafuu hii inapungua kwa asilimia 2 kwa kila mfanyakazi wa ziada. Mwenye wafanyakazi 60 anapoteza asilimia 20. Mwenye 100 habaki na kitu.
- Mipango ya pensheni ya mtindo wa zamani, inayoahidi kiasi maalumu uzeeni, haihusiki na nafuu hii ya michango.

Kosa kubwa la hesabu ni kujumlisha michango yote kisha kulinganisha na 1,000 mara idadi ya watu. Kikomo kinawekwa kwa kila mtu peke yake. Kampuni ya mfano inachangia sawa na hela anayokatwa mfanyakazi, hadi asilimia 4 ya mshahara:

| Mfanyakazi | Mchango wa mwajiri | Kinachohesabika |
|---|---|---|
| 1 | 1,400 | 1,000 |
| 2 | 1,150 | 1,000 |
| 3 | 900 | 900 |
| 4 | 800 | 800 |
| 5 | 620 | 620 |
| 6 (alijitoa) | 0 | 0 |
| Jumla | 4,870 | 4,320 |

Angejumlisha kwanza, angeona 4,870 haifiki 6,000 na kudai yote. Angezidisha dola 550. Mkaguzi akiomba orodha ya michango, hilo ndilo jambo la kwanza atakaloliona.

Tofauti na ankara, michango ya mwajiri ya mwaka uliopita inaruhusiwa kuingizwa hadi tarehe ya mwisho ya ritani, pamoja na nyongeza ya muda uliyoomba. Ukichelewa kuingiza, usiwasilishe ritani kwanza. Omba nyongeza kwa Fomu 4868 (au 7004 kwa kampuni). Nyongeza hiyo ni ya kuwasilisha, si ya kulipa kodi.

Mpango ukishafika mwaka wa tatu, ambapo asilimia na kikomo vinakutana, fuata mpangilio wa karatasi ya hesabu iliyo kwenye maelekezo ya fomu, mstari kwa mstari. Usibuni wako.

## Hatua ya 5: Dola 500 za kuandikisha bila kuomba

Mpango wako ukiwa na kipengele kinachomwandikisha mfanyakazi moja kwa moja hadi mwenyewe akatae, kuna dola 500 kwa mwaka, miaka mitatu. Kiasi hakibadiliki kwa idadi ya watu. Hata mpango wa zamani ulioongezewa kipengele hiki baadaye unastahili. SEP haistahili kwa sababu wafanyakazi hawakatwi mshahara humo.

Sharti ni kwamba kipengele kiwe kimeandikwa kwenye hati ya mpango. Mfumo wa mishahara kuwaandikisha watu hakutoshi. Fungua hati, tafuta ukurasa, utie alama.

401(k) nyingi zilizoanzishwa tarehe 29 Desemba 2022 au baadaye zinalazimika kuwa na kipengele hiki tangu 2025. Biashara zenye wafanyakazi 10 au pungufu na zile ambazo hazijatimiza miaka mitatu zimesamehewa. Kampuni ya mfano haikulazimika, lakini iliweka. Inaongeza 500.

Sehemu ya tatu ya fomu ni ya mwajiri aliyeajiri mke au mume wa mwanajeshi: hadi dola 500 kwa mtu, miaka mitatu, kwa masharti ya kumruhusu kuingia kwenye mpango ndani ya miezi miwili ya kuajiriwa na kummilikisha michango papo hapo. Kama huna mtu wa namna hiyo, iache wazi.

Jumla ya kampuni ya mfano: 1,500 + 4,320 + 500 = dola 6,320.

## Hatua ya 6: Punguza makato kabla ya kugusa 8881

Sehemu ya gharama na michango iliyokupa nafuu haikatwi tena kwenye faida. Kwa mfano wetu:

- Ada za mpango: 2,000 − 1,500 = 500 tu ndizo zinaingia kwenye matumizi ya Schedule C, kwa mfano mstari wa 17 wa huduma za kitaalamu.
- Michango ya wafanyakazi: 4,870 − 4,320 = 550 tu inaingia mstari wa 19 wa Schedule C.

Mambo matatu huharibika hapa. Ukiunganisha programu ya kodi na daftari lako la hesabu la mtandaoni, inavuta 4,870 nzima na kufuta uliyoandika. Baada ya kuunganisha, rudi uangalie mstari wa 19 kwa macho yako. La pili, baadhi ya programu hupunguza zenyewe zikishaona 8881, na nyingine hazipunguzi. Ukipunguza wewe na yenyewe ikapunguza, umejipunja mara mbili. La tatu, mchango wako mwenyewe kama mmiliki hauendi mstari wa 19 kamwe. Unaenda Schedule 1, mstari wa 16.

Sasa swali ambalo wachache hujiuliza: je, uidai kweli? Nafuu hii haigusi kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 inayotoka Schedule SE. Inapunguza kodi ya mapato pekee. Mwenye watoto wanne na faida ndogo anaweza kuwa hana kodi ya mapato kabisa, deni lake lote ni la Schedule SE. Akidai nafuu, makato yanapungua leo, kodi ya kujiajiri inapanda leo, na nafuu inabaki ikisubiri miaka ijayo. Sheria inaruhusu kutoidai nafuu ya gharama na michango. Endesha ritani mara mbili, mara moja nayo na mara moja bila, ulinganishe. Kwa biashara inayokua, kuidai na kuibeba mbele huwa bora. Kwa iliyodumaa, sivyo.

## Hatua ya 7: Pata toleo sahihi la programu na uijaze fomu

Kabla ya kulipia programu, tafuta orodha ya fomu inazozimudu na uhakikishe 8881 na 3800 zote zimo, tena tarehe ya kupatikana kwake imeshapita. Fomu za biashara mara nyingi hufunguliwa wiki kadhaa baada ya zile za kawaida. Toleo la bure au la bei ya chini mara nyingi halina 8881, na hakuna linalokwambia hivyo hadi umeshajaza nusu.

Toleo la kupakua kwenye kompyuta lina faida moja kubwa: unaweza kuacha mahojiano na kuingia moja kwa moja kwenye fomu. Kwa kazi hii ningelichagua hilo bila kusita.

Utaratibu wa kujaza:

1. Maliza Schedule C yote kwanza, na makato yakiwa yameshapunguzwa.
2. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika 8881 kwa tarakimu tupu. Isipopatikana, fungua sehemu ya nafuu za biashara na utafute orodha ya nafuu zisizo za kawaida.
3. Ukiulizwa fomu ni ya biashara ipi, chagua Schedule C husika. Usiiache "ya jumla". Hapo ndipo baadhi ya programu huiona nafuu kama ya shughuli usiyoshiriki mwenyewe na kuizuia.
4. Sehemu ya I: ingiza gharama kamili (2,000, si 1,500), Hesabu A na Hesabu B. Fomu yenyewe ndiyo inayoweka kikomo. Anayeingiza kiasi kilichokwisha kupunguzwa hujikuta amepunguza mara mbili.
5. Bado Sehemu ya I: ingiza michango kutoka safu ya tatu ya jedwali lako, na mwaka wa ngapi wa mpango.
6. Sehemu ya II: weka alama kwamba kipengele cha kuandikisha kipo.
7. Fungua picha ya fomu yenyewe, si muhtasari, ulinganishe na karatasi yako.

Utajua umefaulu jumla ikiwa ileile uliyoipata kwa mkono. Ikitofautiana hata kwa dola 50, usisonge. Mara nyingi ni Hesabu B.

## Hatua ya 8: Ifuate hela hadi ukurasa wa mwisho

Fomu 8881 hailipi kitu yenyewe. Inamwaga kwenye Fomu 3800, ambako nafuu zote za biashara hukusanywa, na kutoka hapo inaingia Schedule 3, mstari wa 6a, kisha Fomu 1040, yaani ritani yako binafsi. Fungua kila moja:

- Fomu 3800, Sehemu ya III: nafuu ya Sehemu ya I ya 8881 iko mstari wa 1j. Kwa mfano wetu unasoma 5,820. Zile 500 za kuandikisha ziko mstari wake mwingine.
- Schedule 3, mstari wa 6a: hapa kiasi kinaweza kuwa kidogo kuliko 6,320, na si kosa la programu.

Tuseme mwenye kampuni ya mfano anadaiwa kodi ya mapato dola 5,100, mbali na kodi ya kujiajiri. Nafuu inaifuta yote 5,100 na kusimama hapo. Hairejeshwi kama fedha taslimu. Zinazobaki, 1,220, kwanza zinarudi mwaka mmoja nyuma, kwa ritani ya marekebisho 1040-X au Fomu 1045, na zisipoisha zinabebwa mbele hadi miaka 20. Mwenye kodi ya mapato inayozidi dola 25,000 ana kizuizi kingine: hawezi kufuta robo ya kiasi kilichozidi hapo.

Mstari wa 6a ukiwa sifuri wakati una kodi ya mapato, angalia kwanza kama 3800 imeweka nafuu upande wa shughuli usiyoshiriki mwenyewe. Rudi kwenye maswali ya Schedule C, jibu kwamba unashiriki kikamilifu, kisha fungua tena.

## Kama biashara ni S corporation au ubia

Hapa 8881 inajazwa kwenye ritani ya biashara, 1120-S au 1065, na kwa hiyo unahitaji toleo la programu la kampuni, ambalo ni bidhaa nyingine kabisa na toleo la mtu binafsi. Kwa ritani za 2025 tarehe ya mwisho ni 16 Machi 2026, mwezi mmoja kabla ya 1040.

Nafuu inagawanywa kwa wamiliki kupitia K-1, karatasi inayoonyesha fungu la kila mmiliki. Kwenye ritani yako binafsi, kama nafuu yako yote inatoka K-1, hujazi 8881 nyingine. Unaingia 3800 moja kwa moja, na EIN ya kampuni (namba yake ya utambulisho ya mwajiri) lazima iandikwe humo. Kiasi mara nyingi hakikai kwenye kisanduku cha K-1 bali kwenye karatasi iliyoambatishwa, na anayenakili visanduku tu hukiruka.

## Baada ya kuwasilisha, na miaka inayofuata

Hifadhi PDF ya ritani nzima, si ile ya muhtasari, pamoja na ankara, hati ya mpango, jedwali la michango na Hesabu A na B zikiwa na majina. Salio likibebwa mbele, nyaraka hizi zinakaa hadi mwaka salio litakapoisha na kipindi cha ukaguzi cha ritani hiyo kupita.

Mwaka unaofuata usinakili 8881 ya zamani. Hesabu A na B zinarudiwa upya, asilimia ya michango inasogea, na salio la 3800 linatakiwa liingizwe. Ukihamia programu nyingine, salio halihami lenyewe. Litoe kwenye 3800 ya zamani uliandike kwa mkono.

Kama ulifungua mpango mwaka 2023 au 2024 na ukapita bila kudai, ritani ya marekebisho kwa 1040-X kwa kawaida inaruhusiwa ndani ya miaka mitatu tangu ulipowasilisha ya kwanza. Rekebisha pia makato ya Schedule C ya mwaka huo kwenye ritani hiyo hiyo, vinginevyo utakuwa umedai hela moja pande mbili. Anza na mwaka wa zamani zaidi, maana ndio utakaofungwa kwanza.